Kochi limebonyea kabla ya wakati wake, na duka limekataa

Maduka ya fanicha yana jibu moja linalotoka upesi kuliko risiti: "Huo ni uchakavu wa kawaida." Nililipata kuhusu kochi la watu watatu ambalo halikuwa limetimiza hata mwaka. Kiti cha katikati kilikuwa kimebonyea kiasi kwamba aliyekaa pembeni alijikuta anateremka polepole kumfuata mwenzake. Aliyenijibu hakuwa ameliona kochi lenyewe. Aliona picha moja niliyomtumia kwa simu. "Dada, sponji zote hubonyea," akaandika, "halafu waranti yetu ni ya fremu tu."

Jibu hilo limebeba madai mawili, na yote mawili yanajibika. La kwanza ni la kiufundi, kwamba kubonyea huko ni kwa kawaida. La pili ni la kisheria, kwamba waranti ya duka ndiyo mwisho wa haki za mnunuzi. Wengi wetu hatujibu hata moja kati ya hayo. Tunaeleza jinsi tulivyoumia, tulivyodunduliza, tulivyoaibika mbele ya wageni. Hasira ni haki yako, ila mtu wa huduma kwa wateja anasikiliza hasira tangu asubuhi mpaka jioni, na yako itapita kama zilivyopita za wenzako. Kinachomkosesha raha ni kipimo.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya pili, jua kwanza kilichochoka ni nini. Chukua mto wa kukalia wa pembeni, ambao bado mzima, uweke katikati. Ule uliobonyea uupeleke pembeni. Kaa. Bonde likihama pamoja na mto, tatizo ni sponji. Likibaki pale pale, sponji imeonewa: chini yake kuna mikanda iliyolegea au springi zilizochomoka, na ukigeuza kochi na kuchungulia kupitia kile kitambaa chepesi cha chini mara nyingi utaziona. Hili la pili ni habari njema kwako, maana ni vigumu mtu kudai kwamba mikanda na springi si sehemu ya fremu wakati zimepigiliwa kwenye fremu.

Kwangu bonde lilihama na mto. Nikafungua zipu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kesi yangu ilipogeuka. Tangazo la duka lilisema sponji ni ya "densiti ya juu". Densiti ya sponji si siri ya kiwandani. Ni uzito wake kwa kila mita moja ya ujazo, na unaweza kuupima nyumbani kwa futi kamba na mzani mdogo. Toa sponji kwenye foronya yake, ondoa na ile pamba nyeupe ya bandia iliyoizunguka. Pima urefu, upana na unene, na unene uupime kwenye kingo ambako hakujakandamizwa. Wangu ulikuwa sentimita 60 kwa 60, unene 12. Ukizigeuza kuwa mita, 0.6 mara 0.6 mara 0.12, unapata mita za ujazo 0.0432. Mzani ulisoma gramu 800. Gawanya 0.8 kwa 0.0432: kilo 18.5 hivi kwa mita ya ujazo. Sponji ya kiti kinachokaliwa kila siku, inayotarajiwa kudumu, huwa kwenye 30 au kuzidi. Mto wa ukubwa ule ule kwa densiti ya 30 ungekuwa na karibu kilo 1.3, yaani nusu kilo nzima zaidi ya ule niliouziwa.

Dukani tunabonyeza kiti kwa ngumi, tukiona kigumu tunaridhika. Ugumu ni kitu kimoja na densiti ni kingine. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji nyepesi ikawa ngumu vizuri siku ya mauzo, lakini kuta za vitundu vyake ni nyembamba, zikivunjika kwa kukaliwa haziinuki tena. (Wapo pia wanaochanganya unga wa madini kwenye sponji ili uzito upande, kwa hiyo uzito mkubwa peke yake hauthibitishi uimara. Ila uzito mdogo mno unajieleza.) Ni kweli kwamba sponji yoyote hulainika kidogo miezi ya mwanzo, na usilikatae hilo ukiambiwa. Kulainika ni jambo moja. Kubaki na shimo asubuhi baada ya kutokaliwa usiku kucha ni jambo jingine.

Shimo lenyewe lipime hivi: laza kitu kilichonyooka, hata mpini wa fagio, kutoka ukingo mmoja wa kiti hadi mwingine, kisha simamisha rula kutoka sehemu ya chini kabisa mpaka kwenye mpini. Piga picha namba za rula zikisomeka. Fanya hivyo hivyo kwenye kiti cha pembeni. Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja zina nguvu kuliko kurasa za malalamiko. Duka litasema cha katikati ndicho kinachokaliwa sana. Inawezekana, lakini kochi la watu watatu limeuzwa ili vikaliwe viti vyote vitatu.

Kama shida yako ni ngozi inayobanduka, angalia inabanduka wapi. Kuna fanicha zinazouzwa kwa jina la ngozi ambazo ngozi yake ni masalia yaliyosagwa, yakagandishwa kwenye kitambaa kwa gundi na kupakwa juu utando wa plastiki uitwao poliyurethani. Utando huo huharibiwa na unyevu na joto hata pasipo kuguswa. Ukibanduka mgongoni mwa kochi, upande ulioelekea ukutani, hakuna mtu anayeweza kusema umesuguliwa. Ukibanduka pale kichwa kinapoegemea au kiganja kinapotulia, duka litataja jasho na mafuta ya nywele, na kwa kweli vyote viwili huuharibu. Kwa kitambaa kilichotoboka, uliza namba ya kipimo cha Martindale, ambacho huhesabu kitambaa kinavumilia kusuguliwa mara ngapi. Cha matumizi ya kawaida ya nyumbani huwa kati ya 15,000 na 25,000. Wakikosa namba hiyo, andika kwamba uliiuliza na hawakuwa nayo.

Na kuna wakati duka lina haki. Paka akilikwangua, jua la dirishani likilipausha, watoto wakiligeuza uwanja wa kurukia, au ukilisafisha kwa dawa yenye klorini, usiwasumbue watu.

Sasa hilo la waranti. Waranti ni ahadi ya ziada. Haifuti wajibu ambao sheria imeshamwekea muuzaji. Nchi nyingi zinasema kwa maneno yanayokaribiana kwamba bidhaa iwe na ubora wa kuridhisha, ifae kwa kazi iliyonunuliwa, na ilingane na ilivyoelezwa. Sheria ya Haki za Mlaji ya Uingereza, ya 2015, inataja uimara wa kudumu kuwa sehemu ya ubora, na kwa kawaida kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 ya mwanzo huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya mauzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Katika Umoja wa Ulaya muuzaji huwajibika kwa muda usiopungua miaka 2. Australia haikuweka idadi ya miezi. Inauliza kitu cha aina ile na bei ile kilitarajiwa kidumu kiasi gani. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kuisimamia. Tafuta ya mahali ulipo, usome kifungu chenyewe, unukuu namba yake. Barua yenye namba ya kifungu mara nyingi haijibiwi na yule aliyekujibu mwanzo, inapandishwa juu.

Ukiambiwa uwasiliane na kiwanda, kataa kwa adabu. Pesa alipokea aliyekuuzia, na mkataba wako ni naye.

Barua yangu ilikuwa fupi, karibu hivi:

"Nilinunua kwenu kochi la watu watatu, risiti nimeiambatisha. Tangazo lenu, ambalo nakala yake nimeiambatisha pia, lilisema sponji ni ya densiti ya juu. Mto wa kiti cha katikati umebonyea sentimita 4 zaidi ya wa pembeni na haurudi. Nimeupima: ni kilo 18.5 kwa mita ya ujazo. Naomba mnieleze kwa maandishi densiti mliyoikusudia katika tangazo hilo, na mbadilishe sponji za viti vyote vitatu bila malipo. Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Nisipolipata nitapeleka suala hili kwa mamlaka ya kuwalinda watumiaji."

Angalia kwamba sikuandika "mtengeneze kochi langu" nikaishia hapo. Ukiacha ombi wazi, duka litalijaza kwa njia iliyo rahisi kwake. Hilo la tangazo nalo lihifadhi mapema, kwa sababu kurasa za mauzo hubadilishwa; piga picha ya skrini siku ile ile unapogundua kasoro. Tuma kwa barua pepe. Ukipigiwa simu, zungumza vizuri, kisha mwandikie aliyekupigia: "Kama tulivyozungumza leo, umesema hivi na hivi." Asipokanusha, umepata maandishi.

Baada ya barua hiyo walimtuma fundi. Hakikisha upo anapokuja, usimwachie mtu mwingine. Wangu alikaa kwenye kiti, akatikisa mkono wa kochi, akaanza kujaza fomu yenye kisanduku kilichoandikwa "hakuna kasoro ya utengenezaji". Sikubishana naye, hakuwa yeye aliyeninyima haki yangu, na mafundi wanaijua sponji kuliko mameneja. Nilimletea mpini na rula, nikamwomba aandike kina cha bonde kwenye fomu yake. "Hiyo naweza kuandika, ni kipimo tu," akasema, akaandika. Nikaomba nakala, nikaipiga picha kabla hajaondoka. Kisanduku alikiwekea alama vile vile, lakini sasa sentimita 4 zilikuwa kwenye karatasi ya duka, kwa mwandiko wa mtu wao.

Wakikataa hata baada ya hapo, mlipe fundi wa makochi asiyehusika akuandikie ukurasa mmoja: alichokiona, alichokipima, na kwa maoni yake chanzo ni nini. Asiandike kwamba duka ni matapeli. Neno kama hilo linaichafua ripoti nzima. Ulilipa kwa kadi? Uliza benki kama unaweza kupinga malipo hayo, na uliza mapema kwa sababu huwa kuna ukomo wa muda. Mahakama za madai madogo zipo katika nchi nyingi, na nyingi zimewekwa ili mtu ajisemee bila wakili. Mara nyingi kutaja kwa dhati kwamba unaelekea huko kunatosha, ila usitaje kama hauko tayari kwenda. Kuhusu kuwaanika mitandaoni, mimi sishabikii. Ukilazimika, weka picha na vipimo tu, usitukane.

Mimi sikufika mahakamani. Kwanza waliniletea vocha ya punguzo kwa manunuzi yajayo, ambayo maana yake ni kununua tena kwa aliyeniuzia kibovu. Nikaikataa. Kisha wakakubali kubadilisha sponji ya kiti cha katikati pekee. Nikawajibu kwamba mito yote mitatu imetoka kwenye sponji moja, miwili iliyobaki inasubiri zamu yake, na kwamba nataka densiti ya sponji mpya iandikwe. Waliandika 32. Ilipoletwa niliipima mbele yao, wakanitazama kama mgeni wa ajabu, lakini ilikuwa sawa.

Halafu ikatolewa fomu ya kumaliza shauri. Isome, hata kama wabebaji wamesimama mlangoni wanataka kuondoka. Yangu ilikuwa na mstari unaosema mteja hatakuwa na madai mengine yoyote kuhusu bidhaa hiyo. Niliukata kwa kalamu, nikaandika pembeni kwamba fomu inahusu sponji tu na kwamba haki zangu kuhusu kitambaa na fremu zinabaki, nikawaomba wasaini kando ya maandishi hayo. Walipiga simu ofisini, wakasaini. Kitu kingine cha kudai hapo hapo ni tarehe ya kuwekwa sponji mpya na muda wa waranti yake. Kama hawajui muda, tarehe peke yake iandikwe, na nakala ibaki kwako.