Jibu: Mawe yanatembea kweli, ila si kazi ya majini

Ndugu yangu, umeuliza kama ile video ya mawe yanayojiburuta jangwani Marekani ni ya kweli au ni kazi ya majini. Mawe yanatembea kweli, ila majini waache walale.

Mahali penyewe ni Racetrack Playa, ndani ya Death Valley, California: ziwa lililokauka, tambarare kama sinia. Miaka na miaka watu waliona michirizi mirefu nyuma ya mawe bila kuona hata jiwe moja likisogea. Desemba 2013 watafiti waliokuwa wamefunga vifaa vya GPS kwenye mawe wakajionea kwa macho yao. Mvua huacha maji ya kina kifupi, na usiku wa baridi huyagandisha yakawa barafu ya milimita chache tu, kama kioo cha dirisha. Jua likipanda, barafu hupasuka mapande makubwa. Upepo wa kawaida, wala si tufani, huyasukuma, nayo husukuma mawe juu ya tope laini. Mwendo wenyewe mita chache kwa dakika. Ukiwa mbali hutambui.

Na sisi wa Malindi tusiwacheke wanaotaja majini. Pale Marafa, kwenye korongo la Nyari, wazee husimulia matajiri waliooga maziwa hadi ardhi ikawameza. Kumbe ni mvua na upepo vimekula miamba ya mchanga. Ukienda, nenda jioni, rangi ndipo zinawaka. Mchana utaungua bure.