Jibu: Je, ajali za nyumbani huzidi mitaani kwetu?

Ndugu yangu, umeuliza kama ajali za nyumbani kweli huzidi kwenye mitaa ya kipato cha chini, au ni maneno ya kutiana hofu tu. Huzidi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba majeraha ya kuungua huua watu wapatao 180,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tazama chumba cha kupanga Kisauni au Likoni, huku Mombasa, ambamo stovu huwekwa sakafuni hatua moja kutoka mkeka wa mtoto, na mafuta ya taa hutiwa kwenye chupa ya soda. Mtoto aliyeyanywa asitapishwe kamwe, kwani yakipanda huweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, hata yakiwa ya mtungi wa mkokoteni, wala asipakwe dawa ya meno (sijui nani alituzoesha hiyo). Madhara hayaishii kwenye kidonda: kovu hukaza kiungo kisinyooke, mama huacha kibarua ili auguze, na deni la matibabu hubaki.