Neno la Kipolandi lenye herufi 20: unalikata wapi, mkazo unakaa wapi?

SWALI: Mwalimu habari za siku. Mimi natembeza wageni huku Masindi, Uganda, na wale wa Polandi wakija lazima niwafikishe Nyabyeya, kwenye kanisa walilojenga wakimbizi wao wa vita ya pili. Sasa nataka kuandika kibao, "osiemdziesięcioletni kościół", yaani kanisa la miaka themanini, lakini hilo neno la kwanza halienei mstari mmoja na kulitamka ndo kabisa linanishinda. Nisaidie.
Msomaji, Masindi

JIBU: Ndugu yangu, hilo neno ni refu tu, halina ujanja. Vipande vyake ni osiem (nane), dziesięć (kumi) na letni, inayotokana na lat, miaka. Themanini ikisimama peke yake ni osiemdziesiąt, ila ikiingia kwenye kivumishi inabadilisha mkia inakuwa osiemdziesięcio-, na namba zingine ni hivyohivyo, pięć (tano) inakuwa pięcio-, kwa hiyo mtoto wa kiume wa miaka mitano ni pięcioletni.

Kinachovuruga watu ni herufi i. Ikikaa kati ya konsonanti na irabu haihesabiwi silabi, kazi yake ni kulainisha konsonanti tu, wao wanaandika nia halafu wanasoma nya. Ukishajua hilo unapata silabi saba: o-siem-dzie-się-cio-let-ni. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, hapo kwenye LET, na ile o ya mwanzo unaigusa kidogo tu. Mkia ukirefuka mkazo unahama, si unaona sisi tunasema kiTAbu halafu kitaBUni? Basi osiemdziesięcioletniego ina silabi nane na mkazo uko kwenye NIE, lakini osiemdziesięcioletnia, ya kike, inabaki na saba na LET yake kwa sababu ya ile nya. Utasikia matematyka ikikazwa silabi ya tatu kutoka mwisho, hiyo ni nomino ya kigeni, achana nayo.

Neno likienea mstari mmoja, kistari usiweke hapo. Kistari ni cha vitu vilivyo sawa kwa sawa, bendera yao ni biało-czerwona, nyeupe na nyekundu, na yetu ya Uganda ungeiita czarno-żółto-czerwona, nyeusi, njano na nyekundu. Żółto-zielony ina njano na kijani, lakini żółtozielony bila kistari ni kijani chenye unjano, rangi moja, kwa hiyo ukikosea hapo umebadilisha rangi ya kitu.

Kwenye kibao kata penye kiungo cha maneno: osiemdziesięcio- juu, letni chini. Ikibidi hata osiem- juu na dziesięcioletni chini inakubalika. Usiache o peke yake juu, usitenganishe d na z, na ile cio usiifanye ci-o. Halafu mwambie fundi rangi asisahau kamkia ka ę, mafundi wetu wanakaruka sana.