Santuri au dijitali? Kwa dansi la zamani usitupe hata kimoja

Swali hili naulizwa kila siku na jibu langu halibadiliki: kwa usafi wa sauti dijitali imeshinda zamani, hata CD ya kawaida ya biti 16 haina mikwaruzo na inaizidi sahani yoyote kwa kutenganisha sauti ndogo na kubwa. Hapo tusibishane.

Ila kwa sisi wapenzi wa dansi la miaka ya 70 shida iko kwingine. Nyimbo kibao zilitoka kwenye vile visahani vidogo vya santuri vya spidi ya 45 (mizunguko 45 kwa dakika), upande mmoja dakika nne tano hivi, kwa hiyo wimbo unakatwa kati, upande A mashairi, ukigeuza ndo chemko lenyewe, magitaa yanajibizana, tarumbeta zinaingia, yaani hapo ndo utamu ulipo. Sasa ingia mtandaoni, unakuta upande A tu, au mtu karekodi toka kwenye kaseti iliyochoka besi hata haisikiki. Nina kisahani kimoja kilichochapwa Nairobi, upande B wake sijauona popote, na gitaa la rizimu unalisikia mpaka vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi.

Kwa hiyo usinunue santuri ya albamu mpya iliyorekodiwa kwa kompyuta ukitegemea maajabu, hela yako weka kwenye nyimbo ambazo hazipo kwingine, halafu weka kwenye sindano, manake sindano iliyoisha inakwangua mifereji na ikishakwanguliwa ndo basi. Na jamani, msibandike sarafu juu ya sindano ati isiruke! Sindano nyingi zinataka uzito wa gramu mbili hivi tu.

Kingine, ukichomeka pleya ya santuri moja kwa moja kwenye AUX (tundu la kuingizia sauti kwenye redio au ampu) sauti ikatoka nyembamba usiilaumu santuri. Wakati wa kuchonga sahani besi inapunguzwa na sauti kali zinaongezwa, sasa lazima kuwe na fono prii-ampu, yaani kikuza sauti maalumu cha santuri, ya kurudisha mambo sawa. Pleya nyingine inayo ndani, angalia nyuma kuna swichi ya PHONO na LINE kabla hujatoa hela.

Ikishakaa sawa, futa sahani kwa kitambaa laini na maji ya betri (yale masafi, sio asidi), lebo isilowe, kisha rekodi pande zote mbili kwenye kompyuta, FLAC biti 24 (faili lisilopunguza sauti), sio MP3. Andika jina la bendi, mtunzi na ile namba ya kwenye lebo, manake bila hiyo namba mwenzio anayeutafuta upande B hataupata.