Adimu si adhimu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfasiri ninayeanza kazi, naishi Tanga. Katika kijitabu cha watalii niliandika kwamba faru weusi ni wanyama adimu. Mhariri wangu akafuta, akaandika "wanyama adhimu". Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba neno la Kiingereza "rare" hubeba maana zote mbili, ya uchache na ya ubora, kwa hiyo "adhimu", lenye heshima zaidi, linatosha kwa zote. Je, yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu Kiingereza, mhariri wako hakukosea. Ndani ya Westminster Abbey mjini London, kwenye kaburi la mshairi Ben Jonson, aliyefariki mwaka 1637 na kuzikwa akiwa wima, yamechongwa maneno "O Rare Ben Johnson", na maana yake ni kwamba mtu huyo hakuwa na mfano wake. Hiyo ni maana ya sifa, ambayo leo haisikiki sana. Inayotawala ni ile ya uchache, inayokaribiana na asili ya neno katika Kilatini, yaani kitu kilichotawanyika, kisichosongamana. Nyama inayoitwa "rare" hotelini, ile isiyoiva sawasawa, ni neno jingine kabisa lililofanana nalo kwa sauti tu.

Lakini Waingereza wakitumia neno moja kwa kazi mbili, hiyo si sababu ya sisi kulitupa mojawapo ya maneno yetu mawili. "Adimu" na "adhimu" yote yametoka Kiarabu, wala hayana undugu. La kwanza linatokana na shina la kukosekana, na ndilo lililotupa "adimika". La pili linatokana na shina la ukuu, na ndilo lililotupa "taadhima" na "adhimisha".

Kosa hili limenikera kwa miaka mingi. Nimelisikia katika taarifa za habari, nimelisoma katika kadi za mialiko, na mara moja nililikuta ukutani, kwenye tangazo lililowaomba watu wenye "kundi adhimu la damu" wajitokeze kuchangia, kana kwamba damu ya wengine ni duni.

Faru wako anastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu yeye ndiye anayelificha kosa. Ni mnyama mkubwa, mwenye haiba na kitisho, hivyo sentensi ya mhariri haimkwazi msomaji. Ataisoma, ataitikia kwa kichwa, ataendelea. Lakini wewe ulikuwa unampa habari gani? Karibu na mwaka 1970 Afrika ilikadiriwa kuwa na faru weusi wapatao 65,000; kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 2,500, wengi wakiwa wameuawa na majangili kwa ajili ya pembe. Habari hiyo yote imo ndani ya neno "adimu", na mhariri alipoingiza ile h aliifuta. Mtalii sasa anaambiwa kwamba faru ni mtukufu, haambiwi kwamba wamebaki wachache. Tembo ni adhimu, nyati ni adhimu, na faru mwenyewe alikuwa adhimu hata walipokuwa 65,000. Uadimu aliletewa na bunduki.

Ukitaka kuyapima maneno haya, lipeleke kila moja mahali ambapo jingine haliwezi kuingia. Sukari inapokosekana madukani tunasema imeadimika, na sijapata kumsikia mama yeyote sokoni akisema imeadhimika. Kwa upande wa pili, Mwislamu anayesali sala tano hupitia rakaa 17 za faradhi kwa siku, na katika kila rukuu hutamka "Subhana Rabbiyal-Adhim", akimtukuza Mola wake aliye Mkuu. Neno hilo limo kinywani mwake tangu alfajiri. Anawezaje kufika ofisini saa mbili asubuhi na kuliandika kwa maana ya kitu cha nadra? Tena kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunaiadhimisha siku hiyo, yaani tunaikuza na kuipa hadhi. Hatuifanyi iwe haba.

Katika "fursa adhimu" nimelegeza kamba. Anayekusudia fursa kubwa yenye heshima yuko sahihi, na mara nyingi hakuna njia ya kujua kama alikusudia hiyo au ile isiyopatikana kwa urahisi, basi namwachia nia yake. Wala simkatizi mtu anayezungumza barazani ulimi ukamteleza, kwa sababu d na dh huwasumbua wengi ambao lugha zao za kwanza hazina sauti hiyo ya pili. Mhariri ni habari nyingine. Yeye analipwa ili atofautishe maneno, na hapa amelichukua neno lililokuwa sahihi akaliharibu kwa kalamu yake mwenyewe.

Mwombe kwa adabu arudishe "adimu" kabla kijitabu hakijapelekwa kuchapwa. Akisisitiza kwamba faru naye asifiwe, nafasi ipo ya kuyaandika yote mawili: faru mweusi ni mnyama adhimu ambaye sasa amekuwa adimu.