Maswali ya Wasomaji: Pinotage, zabibu iliyozaliwa Stellenbosch

Ndugu mhariri, kila mara naambiwa Pinotage ndiyo zabibu ya Afrika Kusini. Lakini mizabibu ya kule si ililetwa kutoka Ulaya? Hii ina upekee gani? (Msomaji, Mombasa)

Wazazi wake walitoka Ufaransa, yenyewe ikazaliwa Stellenbosch, mji wa eneo la Cape nchini Afrika Kusini. Mwaka 1925 Abraham Izak Perold, profesa wa kwanza wa kilimo cha mizabibu katika chuo kikuu cha mji huo, alichanganya Pinot Noir, yenye mvinyo mzuri lakini dhaifu shambani, na Cinsaut, inayovumilia joto na ukame na kuzaa sana. Wakati huo Cinsaut iliitwa Hermitage huko Cape, na jina Pinotage likaundwa kwa vipande vya majina hayo mawili.

Ua la mzabibu lina dume na jike pamoja. Anayechanganya aina huondoa sehemu za kiume kwa kibano kabla ua halijafunguka, hulifunika kwa mfuko, kisha hulipaka chavua ya aina nyingine. Perold alipata mbegu nne tu. Alizipanda kwenye bustani ya nyumba aliyokaa pale Welgevallen, na mwaka 1927 akahamia KWV, chama cha ushirika cha wakulima wa mvinyo. Bustani ikamezwa na magugu. Wafanyakazi walipotumwa kuisafisha, mhadhiri kijana Charlie Niehaus, aliyejua habari za miche ile, akaiokoa. Asingepita siku hiyo, tusingekuwa na la kujibu hapa.

Mwaka 1935 C. J. Theron, mrithi wa Perold chuoni, aliibebesha miche hiyo, yaani aliunganisha vipando vyake, juu ya mashina ya aina za Richter 99 na Richter 57, yanayostahimili filoksera, mdudu wa mizizi aliyeingia Cape mwaka 1886. Kubebesha kulikuwa lazima kwa sababu nyingine pia: mbegu ya zabibu haizai mfano wa mama yake, hivyo aina hutunzwa kwa vipando tu. Mvinyo wa kwanza ulitengenezwa chuo cha kilimo cha Elsenburg mwaka 1941. Mwaka 1959 Pinotage ya shamba la Bellevue ilishinda maonyesho ya mvinyo ya Cape, na mwaka 1961 ikauzwa kwa lebo ya Lanzerac, ya kwanza kuandikwa jina Pinotage. Inayolimwa zaidi nchini humo ni Chenin Blanc, lakini hiyo hata Ufaransa ipo tangu zamani.

Chupa niliyofungua ilinuka ndizi mbivu na rangi ya kucha. Imeharibika? (Msomaji, Dar es Salaam)

Harufu hizo zina vyanzo viwili. Ya ndizi ni isoamili asetati, inayotengenezwa na hamira. Pinotage huwa nayo kwa wingi, hasa ikichachushwa kwenye ubaridi. Haina madhara. Ya rangi ya kucha ni ethili asetati, na hiyo ni kosa la kiwandani. Pinotage huiva mapema, mara nyingi Februari jua likiwa kali, na hujaza sukari haraka. Tangi lisilopoozwa hupanda joto, hamira hufa kabla sukari haijaisha, na bakteria wa siki hupata nafasi.

Wanaoijua huvuna alfajiri, sukari ikiwa 24 hadi 25 kwa kipimo cha Balling, na hushikilia joto la tangi chini ya nyuzi 30. Maganda yanayoelea huzamishwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, maana yakikaa juu hukauka na siki huanzia hapo. Baada ya siku tatu au nne hukamuliwa, kabla maganda hayajatoa tanini chungu. Lawama nyingi zilizoielemea aina hii zilitokana na kupuuza hatua hizo. Mwaka 1991 Beyers Truter, wakati huo wa shamba la Kanonkop, mtetezi wake mkubwa, alitangazwa mtengenezaji bora wa mvinyo wa mwaka katika shindano la kimataifa London.

Chupa yako imimine kwenye jagi, uiache nusu saa. Harufu ya rangi ya kucha isipopungua, irudishe dukani.

Pinotage ya kahawa huwekwa kahawa kweli? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Ladha hiyo hutokana na mbao za mwaloni zilizochomwa sana. Shamba la Diemersfontein ndilo lililoianzisha, kwa mavuno ya 2001.

Naweza kuipanda Dodoma? (Mkulima, Dodoma)

Jaribu, lakini kwa mashina machache. Cape mzabibu hupumzika kwa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Kwenu hupumzishwa kwa kupogoa na kuvunwa mara mbili. Vichala vya Pinotage vimebanana, hivyo mavuno ya msimu wa mvua yataoza upesi. Tegemea yale ya kiangazi.

Usilete vipando kwenye begi. Omba kibali cha kuingiza mimea, na udai cheti cha afya yake. Mashamba ya Cape yanasumbuliwa na virusi vya kukunja majani: jani huwa jekundu na kujikunja kwenda chini huku mishipa ikibaki kijani, na zabibu huchelewa kuiva. Huenezwa na vidung'ata, wadudu wadogo wafyonza utomvu, na kwa vipando vyenyewe. Dawa hakuna, shina hung'olewa na mizizi yake.