Stashahada ya maendeleo ya jamii: nenda kata au subiri shirika mjini?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukiwa na stashahada yako ya Tengeru, chuo cha maendeleo ya jamii, uombe kazi ya kata au usubiri shirika la mjini, kwa kuwa una moyo wa kuinua wanawake. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi kwenye kata za Singida. Nenda kata.

Kazi ya makaratasi utaizoea upesi: kusajili vikundi, kuandika maandiko ya miradi, kufuatilia halmashauri. Tangu 2018 ni lazima kisheria halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Akina mama watakuulizia mkopo huo kila ukipita.

Ila hela ikishatoka ndipo kazi inaanza. Huku alizeti analima mama, anapalilia mama, lakini gunia likifika kwa mnunuzi anayepokea pesa ni baba. Kuna kikundi nilichokilea, marejesho yakaanza kusuasua msimu wa mavuno, wakati ambao pesa ipo. Katibu akataka faini. Mimi na mwenyekiti wa kitongoji tukapita nyumba kwa nyumba, jibu likawa lile lile: "Mzigo ameshauza baba."

Tukawaita waume ofisi ya kijiji, tukaweka daftari la mkopo mezani, kila mmoja akaona deni la nyumba yake. Wengi walikubali mazao ya mkopo yauzwe kupitia kikundi na risiti iandikwe jina la mama. Wachache waligoma, na inauma, kwa sababu wake zao ndio waliojitoa kwenye kikundi.

Jambo la pili ni ardhi, na hapa nakusihi usilale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Wapimaji wakija kijijini kwenu, kaa pale pale fomu zinapojazwa, hakikisha jina la mke linaandikwa kwenye hati ya kimila, ile ya kumiliki ardhi ya kijiji, pamoja na la mume. Nimemwona mjane akitoa hati yake kwenye mfuko wa nailoni mbele ya shemeji zake waliofuata shamba mara tu baada ya arobaini. Mwenyekiti wa kijiji akaisoma kwa sauti, majina yote mawili. Shamba analilima mpaka leo.

Jifunze hesabu za VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, vizuri kuliko katibu wao: hisa, mfuko wa jamii, sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Salio litajwe kwa sauti kila kikao, maana wapo wasiojua kusoma.

Mshahara si mkubwa, na mafuta ya pikipiki mara nyingine utatoa mfukoni. Ajira za serikali zikichelewa kutangazwa, nenda kwa mkurugenzi wa halmashauri na barua ya kuomba kujitolea, na utaje kata unayoitaka.